Mbuzi wa Masomo ya Likizo

Ijumaa, mwanzo wa Agosti, mwaka wa 1956. Upepo ulivuma toka alfajiri na vumbi jekundu likaingia mpaka ndani ya sufuria. Mawingu yalikuwa yamekaa huko vilimani, mazito, lakini huku chini Voi halikudondoka hata tone.

Siku hiyo shule ilifungwa, na mwalimu wa darasa la nne akawaita wazazi. Tulikuwa akina mama wengi kuliko akina baba, kwa sababu wanaume walikuwa kazini relini au kwenye mashamba ya mkonge. Tuliketi kwenye madawati ya watoto, magoti yakikaribia videvu. Mwalimu akafungua kitabu kimoja, ukurasa mmoja, akawasimamisha watoto mbele yetu, huyu akiketi yule anasimama, wasome mistari ileile. Sijui kama alifanya hivyo kutuonyesha sisi au kuwaonyesha wao. Huenda yote mawili.

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alikishika kitabu kwa mikono miwili, kama mtu anayebeba sinia. Neno la kwanza alilisoma vizuri. La pili alilikata katikati, akalirudia, akalikata tena. Watoto wenzake wakaanza kumsaidia kwa kunong'ona, halafu wakaacha kumsaidia wakaanza kumwiga. Mwalimu hakuwakataza. Alingoja mpaka mstari ukaisha, akasema, "Keti, mama. Umetoka mbali, umechoka."

Watu wakacheka. Mama aliyeketi karibu nami alicheka mpaka akaniegemea, kisha akakumbuka yule ni mtoto wa nani, akaniomba radhi kwa kunitilia karanga mkononi. Nilizila. Sikujua la kufanya na mkono.

Lazima niseme na upande wa mwalimu. Hakuwa mtu wa kuchapa ovyo, na neno alilosema lilikuwa kweli, mtoto wangu alikuwa ametoka mbali. Baba yake alikuwa akihamishwa na reli, mara upande wa Salaita, mara Maktau, mara Voi, na kila tulipofika tulikuta shule ina lugha yake na kitabu chake. Alianza na Kitaveta, akaingia Kidawida, akafika Voi akakuta Kiswahili na Kiingereza vinamngoja mlangoni pamoja. Mimi mwenyewe nilisoma mpaka darasa la tatu tu. Nilikuwa namfundisha nyumbani, lakini huenda nilikuwa namfundisha makosa yangu.

Wengine walipotoka mwalimu alinizuia. Mwisho wa mwaka kulikuwa na mtihani wa darasa la nne. Anayepita anaingia la tano, anayeanguka anarudi kwao, na kwa mtoto wa kike huo ndio ulikuwa mwisho, maana nafasi hazikuwatosha hata wavulana.

"Mimi likizo naenda kwetu Werugha," akasema. "Nitachukua watoto wachache wasome nami kanisani kila asubuhi, mpaka shule ifunguliwe. Huyu akisoma mwezi huu naweza kumsukuma akapita. Asiposoma, mama, mtafutie jembe lenye mpini mwepesi."

"Ni kiasi gani, mwalimu?"

"Shilingi ishirini. Kabla ya kuanza, si baada."

"Mshahara wa baba yake hutoka mwisho wa mwezi."

"Mwaka jana nilifundisha kwa ahadi. Nikanywa chai ya ahadi, haina sukari."

Tulikuwa tunakaa kwenye landi, zile nyumba za mstari walizopewa watu wa reli, chumba kimoja kwa kila jamaa. Ukikohoa, jirani anakwambia pole. Jirani yangu alikuwa mwanamke wa Kikamba aliyeuza nyanya na ndizi kwa abiria pale stesheni, na kabla sijaweka maji motoni alikuwa amekwisha kujua habari yote.

"Umlipie mtoto asome likizo?" akaniuliza. "Na wakati wa shule huwa anafanya nini, anapumzika?"

"Mwalimu ndiye amesema."

"Mwalimu naye si ana shamba. Shamba lake ni nyinyi."

Niliweka maji motoni, nikifikiri huenda ana haki.

Mume wangu alirudi jioni na mafuta ya reli mpaka viwikoni. Nilimngoja anawe miguu ndipo nikamwambia. Akauliza shilingi ishirini tutazitoa wapi kabla ya mwezi kuisha, lakini hakuuliza kama anayetaka jibu. Sote wawili tulijua ziko wapi. Zilikuwa Werugha, zina pembe.

Hapa inabidi nieleze, kwa sababu mtu asiye wa kwetu hataelewa. Kwetu vilimani mtu haweki mifugo yake yote nyumbani kwake. Anampa mwenzake mbuzi au ng'ombe amfugie. Mwenzake anakunywa maziwa, mbolea ni yake, na wanaozaliwa wanagawana. Njaa ikipiga upande huu, upande wa pili unabaki na kitu. Na aliye na mfugo wako ni ndugu yako, hata kama hamjazaliwa nyumba moja. Watoto wako wakipita kule wanalala kwake bila kuuliza. Baba wa mume wangu alimpa mbuzi jike baba wa mwenzetu mmoja wa Werugha, zamani, mwaka wa njaa. Wazee wale wakafa, vijana wao wakaendelea. Mbuzi tuliyekuwa naye wakati ule alikuwa wa ukoo wa yule wa kwanza. Na tena, ikiwa binti angeenda kusoma, angelala kwa mwenzetu huyohuyo, maana kutoka kwake mpaka kanisani ni kuvuka bonde tu.

Mfugo wa namna hiyo hauitwi ovyo. Unaweza kuuita kwa mahari, kwa matanga, kwa ugonjwa mkubwa. Kwa kusoma hatukuwahi kusikia. Wala hatukuwahi kusikia kwamba haifai, kwa sababu waliouweka mpango huo hawakuwa na mtihani wa darasa la nne.

"Nikimwambia napeleka mbuzi sokoni nimlipe mwalimu," akasema mume wangu, "ataona namwambia amefuga vibaya."

"Ataona mtoto anataka kusoma."

"Yeye ana watoto watano, hakuna hata mmoja aliyevuka la nne. Utamwambiaje hilo la kusoma?"

"Basi tusimpeleke."

"Mimi sijasema tusimpeleke."

Tuliendelea hivyo. Nilipokuwa nikivuta mbele, yeye alivuta nyuma, na alipolainika mimi nikashikwa na woga, nikaanza kusema maneno yake aliyoyaacha. Kwa hiyo siwezi kuandika kwamba ni mimi niliyeamua, wala kwamba ni yeye. Binti alikuwa amelala nyuma ya pazia, au tulidhani amelala. Akasema kutoka huko, "Baba, mimi naweza kusoma peke yangu."

"Kusoma peke yako ndiko huko tulikokusikia leo," akasema baba yake.

Tulimsikia akijifunika blanketi.

Asubuhi mume wangu akaenda kuomba ruhusa ya siku mbili. Walikuwa wakibadilisha mataruma yanayolaliwa na reli, na nyapara akamwambia mbuzi anaweza kungoja lakini gari la moshi la Nairobi halingoji. Ndugu wa kiume wa kumtuma hakuwa naye. Akarudi akasema, "Nenda wewe na mtoto. Lakini mwambie nimekutuma mimi, usionekane ni wewe unayeomba."

Neno zito likibebwa na mtu mwingine, kwetu huenda pamoja na kitu cha mwenye neno, ili anayelipokea ajue halikuokotwa njiani. Wazee walituma fimbo zao. Mume wangu hakuwa na fimbo. Akavua kofia yake ya reli, akaipiga vumbi kwenye goti, akanipa.

Tulipanda gari la Taveta mpaka Mwatate, kwa pasi ya reli. Binti alikuwa na furushi lake, blanketi, nguo ya Jumapili, kitabu, na sukari ya kuwapelekea wenyeji. Pale Mwatate alisimama mbele ya ubao wa stesheni akasoma jina kwa sauti, akanitazama. Nilimsifu. Jina lile alikuwa akilijua toka hajui kusoma, nami nilijua analijua, lakini nilimsifu. Kisha tukaanza kupanda. Kadiri tulivyopanda ndivyo vumbi lilivyobaki chini na ukungu ukatupokea, na tulipofika Werugha nguo zilikuwa zimelowa bila mvua.

Walitupokea vizuri, sitaki iandikwe vinginevyo. Mke wa mwenzetu alimshika binti mashavu akasema amekuwa mrefu kama bua la mhindi. Akamwonyesha mahali atakapolala, kitanda cha kamba karibu na jiko, alikuwa amekwisha kukitandika, kwa kuwa habari ya masomo ya mwalimu ilikuwa imeenea na alidhani kwa vyovyote tutamleta. Mwenzetu mwenyewe alirudi kutoka shambani, mtu mrefu, mpole wa sauti, mkubwa wa mume wangu kwa miaka michache. Alinisalimu vizuri, akauliza habari za kila mtu. Ndipo nikatoa kofia.

"Shemeji, nimetumwa," nikasema.

Aliipokea kwa mikono miwili, kama inavyopasa. Akaitazama ndani na nje. Akavuta kigoda chake, akakifuta kwa kiganja, akaiweka kofia juu yake. Yeye akachuchumaa mbele yake.

"Karibu, ndugu," akaiambia kofia. "Umepanda salama? Ungetuambia unakuja tungechinja kuku."

Mkewe akacheka. Binti akacheka pia, na mimi nikatabasamu, nilidhani ni utani.

"Mpe mgeni uji," akamwambia mkewe.

Mkewe akaendelea kucheka.

"Nimesema mpe mgeni uji. Ametoka mbali."

Mwanamke yule akaacha kucheka. Akamimina uji katika kibuyu, akauweka mbele ya kigoda, mvuke ukapanda mpaka kwenye kofia. Hakunitazama.

"Shemeji," nikasema, "maneno ninayo mimi."

"Ndugu, naona umekuja na mwanamke na mtoto," akaiambia kofia. "Wakae wapumzike. Wanaume tuzungumze."

Niliyasema hivyo hivyo, nimesimama, nikiuambia upande mmoja wa uso wake. Kwamba mume wangu anamsalimu, kwamba ameomba mbuzi wake, kwamba ana haja. Alisikiliza yote akiitikia kwa kichwa, lakini akiiitikia kofia.

"Kumbe unataka mbuzi. Nani amekufa?"

Akangoja. Mtu aliyepita nje angedhani kweli anangoja jibu kutoka kwenye kigoda.

"Hakuna aliyekufa, Mungu asifiwe. Nani anaoa?"

Akangoja tena.

"Nani mgonjwa?"

"Ni kusoma," nikasema. "Kwa ajili ya mtoto. Masomo ya likizo."

"Ndugu, mkeo anasema ni kusoma. Mimi nilidhani huko kwenu reli inawafundisha bure, maana kila mwaka inawachukua watu wetu na hatuoni inachotulipa." Halafu kwa mara ya kwanza akageuza uso, akamtazama binti. "Mama, wewe unajua kusoma?"

"Kidogo, baba mkubwa."

"Mbuzi mzima kwa ajili ya kidogo."

Hakusema kwa ukali. Hilo ndilo linalonisumbua nikikumbuka, sauti yake ilikuwa ileile aliyonisalimia nayo. Akasimama, akanirudishia kofia.

"Ni mbuzi wenu," akasema, sasa akisema nami. "Sikatai. Ataletwa."

"Ningeweza kushuka naye kesho, shemeji. Wundanyi kuna mnunuzi."

"Mwanamke hapewi mfugo wa wanaume njiani. Ataletwa mpaka mikononi mwa mwenyewe."

Usiku alitulisha vizuri, maharage na viazi, na akasali kabla ya kula. Nilikaa macho nikijaribu kumwekea hesabu ya haki. Miaka ya jua kali alikuwa amewakatia mbuzi wetu majani mpaka bonde la mbali, na hakutuomba hata ahsante. Wanawe walikuwa wameachwa na shule, na sisi tukamjia na habari ya shule. Na alitumiwa mwanamke na kofia. Labda mume wangu angekuja mwenyewe wangekaa, wangezungumza mpaka jua lishuke, wakakubaliana. Au labda asingekubali hata hivyo, na angetafuta njia nyingine ya kumdhalilisha. Mpaka leo sijui ni lipi.

Jumapili baada ya ibada nilimwona mwalimu. Akasema wataanza Jumatatu lakini atamshikia binti nafasi mpaka Alhamisi asubuhi, zaidi ya hapo hapana. Nikarudi nikamwuliza mwenzetu kama mtoto anaweza kungoja pale kwake. Mkewe alikuwa amekwisha kumvalisha sweta ya mmoja wa watoto wake.

"Kitanda kile kilifungwa kwa kamba ya yule mbuzi," akasema mwenzetu. "Mbuzi akishuka, kamba inashuka naye."

Mkewe akamvua binti sweta. Alimvua polepole, mkono mmoja halafu mwingine, akaikunja. Nilirudi kwa mwalimu nikamweleza. Akasema, "Basi, mkileta pesa na unga wake atalala na watoto wangu." Kwa hiyo bado kulikuwa na njia. Tulishuka Voi tukiwa na njia hiyo moja, mbuzi afike, auzwe, na Alhamisi alfajiri binti apande na lori la mboga linaporudi vilimani.

Jumatatu ikapita. Jumanne ikapita. Furushi lilikaa limefungwa karibu na mlango, na binti kila alipopita alilisogeza kidogo, kama linazuia watu. Jioni alikuwa akisoma ule ukurasa wa siku ya kufunga shule, uleule, tena na tena, mpaka jirani akagonga ukuta akasema, "Hata mimi sasa nimepita mtihani."

Jumatano mchana mwenzetu akaja. Mume wangu alikuwa ametoka kazini sasa hivi, bado hajanawa. Tulimwona akija kwenye mstari wa nyumba akiwa na gunia mgongoni, na hakuwa na mbuzi. Tulidhani amemuuza mwenyewe, ametuletea pesa na mahindi. Nakumbuka nilifurahi. Nilimpa kiti.

Hakuketi. Aliweka gunia juu ya meza yetu, akalifungua. Ndani kulikuwa na nyama, imefungwa vizuri kwa majani ya mgomba, kila kiungo mahali pake. Juu yake ilikunjwa ngozi. Masikio yalikuwa bado yapo, na sikio moja lina pengo lile ambalo mzee, baba wa mume wangu, alikuwa akiwatia mbuzi wake wote.

Kwetu mbuzi wa mtu akifa mikononi mwako, unampelekea mwenyewe nyama na ngozi, ili aone hukumuuza wala hukumla peke yako. Ni heshima. Baada ya hapo hakuna anayeweza kukudai neno.

Mume wangu akaigusa ngozi.

"Amekufa kwa nini?"

"Kwa kisu," akasema mwenzetu. "Si ulimwita?"

Nje watu wa zamu ya mchana walikuwa wakipita wakicheka.

"Sijabakiza," akasema mwenzetu. "Utumbo umo, kichwa kimo. Na wanawe wawili nusu ni yako, nao nitakuletea hivi hivi ukiwataka. Sasa pikeni, tule. Mimi narudi na gari la usiku."

Maana nyama inayorudi na ngozi huliwa pamoja, aliyeileta na aliyeletewa, chungu kimoja. Ndipo mambo yanaisha. Mume wangu alilijua hilo kuliko mimi.

Jirani alikuwa amekwisha kunusa. Akaingiza kichwa mlangoni. "Mna sherehe nanyi hamsemi? Niuzieni paja moja, nina wageni wametoka Kibwezi. Na mwenzangu wa chumba cha mwisho atachukua mbavu, pesa anayo leo, nimeiona."

Paja, mbavu, paja la pili kwa watu wa stesheni, hakukosekana mnunuzi siku ile. Zile shilingi zilikuwa juu ya meza yangu, zimefungwa kwa majani. Nilimtazama mume wangu.

"Haiuzwi," akamwambia jirani. "Karibu ule."

"Kula nitakula. Lakini wageni wangu wale nini, hiyo karibu yenu?"

"Haiuzwi, mama."

Jirani akaniangalia mimi, kisha mgeni, kisha ngozi, akaondoka bila kumalizia utani wake.

Nilimvuta mume wangu nje, nyuma ya jiko. "Mwalimu anangoja mpaka kesho asubuhi," nikamwambia.

"Najua."

"Paja moja tu. Tukile kilichobaki pamoja naye, kama desturi."

"Nikiiuza mbele yake nitakuwa nimemwambia kweli alikuwa mbuzi wa sokoni toka siku ya kwanza. Na kwamba baba yangu na baba yake walikuwa wachuuzi."

"Na usipouza?"

Alijifuta mafuta kwenye suruali. "Nisipouza, mtoto ataanguka," akasema. Alisema waziwazi hivyo, kama anayesoma saa. Nilikuwa na maneno mengi ya kumjibu na nikaona kila moja lina jibu lake, na yeye anayo yote. Aliingia ndani, nikamfuata.

Kisu kilikuwa mkononi mwangu. Kulikuwa na dirisha upande wa jirani, na nilijua yuko nyuma yake, nilimsikia akipanga masufuria. Ningekata paja, nikalitoa pale, na nisingekuwa mwanamke wa kwanza kufanya hivyo katika landi. Binti alisimama karibu na furushi. Alikuwa ameelewa yote, watoto wa chumba kimoja huelewa yote.

"Shemeji," akaita mwenzetu kutoka kitini, kwa upole wake, "kisu ni kizito?"

Nikakata paja vipande vya chungu. Nikakata la pili. Sijui kama nilikata kwa sababu nilikubaliana na mume wangu au kwa sababu wanaume wawili walikuwa wakitazama mikono yangu. Nimejaribu kuliandika hili kwa njia zote mbili na kila njia inasomeka kama uongo.

Nyama ikawekwa motoni. Mbuzi alikuwa mzee, ilichukua muda. Wanaume walizungumza habari za mvua, na bei ya mboga, na mtu mmoja wa kwao aliyekatwa mkono na gari, walizungumza vizuri kabisa. Kisha mwenzetu akamwita binti.

"Mama, tusomee tukingoja."

Binti akanitazama. Baba yake akasema, "Msomee baba mkubwa."

Ili atoe kitabu ilibidi afungue furushi lote. Alisimama katikati ya chumba, akafungua ule ukurasa wake, akausoma mwanzo mpaka mwisho bila kukwama hata mara moja, sauti imenyooka, mpaka baba yake akainua kichwa. Nilimwona mume wangu akianza kutabasamu.

"Vizuri," akasema mwenzetu. Akanyoosha kidole, akageuza ukurasa yeye mwenyewe. "Na huu?"

Neno la kwanza alilipata. La pili alilikata. Akalirudia, akalikata. Mwenzetu hakumcheka, nasema hivyo kwa haki yake. Alingoja kwa subira kubwa, mikono juu ya magoti, kila neno lilipovunjika akingoja linalofuata, na hakumwambia aache. Sisi pia hatukumwambia. Alisoma mpaka chini ya ukurasa ule, machozi yakidondokea kwenye karatasi naye akiyafuta kwa kidole asiharibu kitabu cha shule.

"Basi, funga," akasema mwenzetu alipomaliza. Akachukua ngozi, akamwekea mikononi. "Hii ni yako. Ikaushe, utalalia."

"Ahsante, baba mkubwa," akasema binti, kwa sababu tulikuwa tumemfundisha.

Vitu vyake vilibaki pale chini vilivyo, blanketi na nguo ya Jumapili. Hakulifunga furushi tena. Alipeleka ngozi nje, akarudi na maji, akawanawisha wanaume mikono, mgeni kwanza.

Jioni hiyo tulikula nyama ya mbuzi iliyochemshwa kwa chumvi na kitunguu, na sima ya mahindi. Mume wangu alimkatia mwenzetu ini, na mwenzetu akaligawa nusu akamrudishia. Jirani niliyempelekea sahani aliirudisha tupu. Binti alipewa figo, akazila zote, kwa sababu baba yake alikuwa akimtazama.